Kupima Bastola Ndogo: Somo la Momenta, Inesha na Uwezekano

Huko Marekani mamilioni ya watu hubeba bastola chini ya nguo zao wanapokwenda kazini, sokoni au kanisani. Mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitengua masharti ya jimbo la New York, yaliyodumu kwa zaidi ya miaka 100, ambayo yalimtaka mwombaji wa kibali aeleze sababu maalumu ya kutaka kubeba silaha iliyofichwa. Kufikia mwaka 2024 zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya Marekani yaliruhusu raia mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola bila kibali chochote. Kwa hiyo soko la bastola ndogo limekuwa kubwa, na kila aina mpya hutangazwa kuwa nyepesi zaidi, nyembamba zaidi na yenye risasi nyingi zaidi kuliko iliyoitangulia.

Madai ya namna hii yanaweza kupimwa. Katika makala haya bastola ndogo itachunguzwa kama chombo chochote kingine cha kimakanika kinavyochunguzwa katika maabara: uzito wake, vipimo vyake, kanuni zinazotawala mwendo wake, na majaribio yanayotumiwa kuamua kama inafaa au haifai. Mwalimu wa fizikia atakuta humo mifano ya momenta na inesha. Mwalimu wa hisabati atakuta pembetatu na uwezekano. Mwishoni litaulizwa swali ambalo huulizwa mara chache: je, majaribio hayo yanapima kile ambacho mnunuzi anadhani yanapima?

Uzito na msukumo wa nyuma

Mtu anayebeba bastola siku nzima hutaka iwe nyepesi. Mtu anayeifyatua hutaka iwe nzito. Mgongano huu wa matakwa unatokana na kanuni ya kuhifadhiwa kwa momenta, ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu ameisoma kwa kutumia vigari viwili na springi.

Kabla ya kufyatuliwa, bastola na risasi iliyomo vimetulia, na jumla ya momenta ni sifuri. Baruti inapoungua, kichwa cha risasi huenda mbele pamoja na gesi, na bastola husukumwa nyuma kwa momenta ya ukubwa ule ule. Tuchukue risasi ya milimita 9, aina iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902 na ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi katika bastola za kijeshi na za polisi duniani. Kichwa chake kina tungamo la gramu 8 hivi, na hutoka katika mtutu mfupi kwa kasi ya mita 340 kwa sekunde au karibu na hapo. Momenta yake ni:

0.008 × 340 = 2.72 kg m/s

Gesi nayo ina tungamo, ijapokuwa dogo. Tukikadiria baruti kuwa gramu 0.4 na kasi ya gesi kuwa mita 1,200 kwa sekunde, tunaongeza 0.48, na jumla inakuwa 3.2 kg m/s.

Sasa tulinganishe bastola mbili zinazotumia risasi hiyo hiyo. Ya kwanza ni bastola ya askari yenye tungamo la kilo 1.0 ikiwa na risasi zake. Ya pili ni bastola ndogo ya kuficha, yenye tungamo la kilo 0.64. Kasi ya kurudi nyuma ya bastola ya kwanza ni 3.2 ÷ 1.0, yaani mita 3.2 kwa sekunde. Ya pili ni 3.2 ÷ 0.64, yaani mita 5.0 kwa sekunde. Nishati mwendo ya bastola ya kwanza ni juli 5.1, ya pili ni juli 8.0. Tungamo limepungua kwa theluthi moja na zaidi kidogo, lakini nishati ambayo mkono unapaswa kuipokea imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Yafaa pia kulinganisha nishati hiyo na ile ya kichwa cha risasi, ambayo ni ½ × 0.008 × 340², yaani juli 462 hivi. Momenta mbili ni karibu sawa, lakini nishati zinatofautiana kwa zaidi ya mara 50. Sababu ni kwamba nishati mwendo hutegemea kasi iliyozidishwa kwa kasi. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kitendo na mjibizo vikiwa sawa, basi nishati nazo lazima ziwe sawa. Mfano huu unaonyesha wazi kosa la dhana hiyo.

Kinachofuata katika mkono wa mfyatuaji ni dhahiri. Mtutu uko juu ya mkono, kwa hiyo msukumo wa nyuma haupiti katikati ya kiganja: huizungusha bastola na kuinua mdomo wa mtutu. Bastola nyepesi hupanda zaidi, na huchukua muda mrefu zaidi kurudi shabahani. Mtu aliyenunua chombo kwa sababu ni chepesi atahitaji mazoezi mengi zaidi ili akitumie sawasawa. Na kwa kuwa kinaumiza mkono, mara nyingi atafanya mazoezi machache zaidi.

Jinsi bastola inavyojifunga na kujifungua

Bastola inayojipakia yenyewe hutumia sehemu ya nishati ya mlipuko kutupa nje ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Juu ya mtutu kuna kitelezi cha chuma kinachorudi nyuma na kusukumwa mbele tena na springi. Tatizo la mbunifu ni kuamua kitelezi kifunguke lini. Kikifunguka mapema mno, wakati shinikizo ndani ya chemba bado ni kubwa, ganda la shaba linaweza kupasuka karibu na uso wa mfyatuaji. Shinikizo la juu linaloruhusiwa barani Ulaya kwa risasi ya milimita 9 ya Luger ni megapaskali 235, yaani zaidi ya mara 2,300 ya shinikizo la hewa tunayoivuta.

Kwa risasi hafifu, inesha peke yake inatosha. Kitelezi kizito huchelewa kuanza mwendo, na kabla hakijasogea sana kichwa cha risasi kimekwisha kutoka na shinikizo limeshuka. Mmarekani John Moses Browning, aliyezaliwa katika mji wa Ogden, Utah, mwaka 1855, alitumia njia hii katika bastola yake ya mwaka 1900, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji. Bastola ya Walther PPK, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1931, hutumia njia hiyo hiyo.

Kwa risasi yenye nguvu zaidi njia hii ingedai kitelezi kizito mno au springi ngumu mno. Browning alipata ufumbuzi mwingine, uliotumika katika bastola iliyochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Mtutu na kitelezi hufungamana na kurudi nyuma pamoja kwa umbali mfupi. Wakati huo kichwa cha risasi hutoka na shinikizo hushuka. Kisha mtutu hushuka kidogo upande wa nyuma, hujitenga na kitelezi, na kitelezi huendelea na safari yake peke yake. Karibu bastola zote ndogo za kisasa zinazotumia risasi ya milimita 9 hufuata kanuni hii, baada ya zaidi ya karne moja. Lakini kadiri kitelezi kinavyofupishwa na kupunguzwa uzito, ndivyo safari yake inavyokuwa fupi na ya haraka, na ndivyo springi ya ndani ya magazini inavyobakiwa na muda mdogo wa kuinua risasi inayofuata. Hapa ndipo bastola ndogo zinapokwama kwa urahisi zaidi kuliko kubwa.

Risasi kumi katika kishikio chembamba

Bastola ya Glock 43, iliyotolewa mwaka 2015, ilikuwa na nafasi ya risasi 6 katika magazini yake. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilitoa P365, yenye ukubwa unaokaribiana na huo, ikiwa na nafasi ya risasi 10. Wanunuzi wengi walistaajabu. Siri yake ni jiometri.

Tuchukue risasi ambazo upana wake, kwa kukadiria, ni milimita 10. Zikipangwa moja juu ya nyingine katika safu moja, risasi 10 huhitaji kimo cha milimita 100. Sasa tuzipange kwa kupishana, moja kushoto, inayofuata kulia, ili umbali wa mlalo baina ya vitovu viwili vinavyofuatana uwe milimita 6. Kwa kuwa risasi mbili zinagusana, umbali baina ya vitovu vyao ni milimita 10. Tunapata pembetatu mraba yenye kiegema cha 10 na upande mmoja wa 6. Kwa kanuni ya Pythagoras upande wa tatu, yaani kimo, ni 8. Risasi 10 zina hatua 9, kila moja ya milimita 8; tukiongeza nusu ya upana juu na nusu chini, kimo chote ni 9 × 8 + 10 = milimita 82. Upana wa ndani umekuwa milimita 16 badala ya 10.

Milimita 6 za upana zimenunua milimita 18 za kimo. Mbunifu ndiye anayechagua bei hiyo. Kishikio kikiwa kinene kitaonekana chini ya shati. Kikiwa kirefu kitaonekana mtu anapoinama.

Kulenga shabaha

Juu ya kitelezi kuna vilengeo viwili, cha nyuma na cha mbele. Mfyatuaji huvipanga katika mstari mmoja na shabaha. Umbali baina yao ni mdogo katika bastola ndogo, na hilo hukuza makosa ya jicho na mkono.

Tuseme kilengeo cha mbele kimekosa mahali pake kwa milimita 1 tu. Umbali baina ya vilengeo ukiwa milimita 130, na shabaha ikiwa mita 7, kwa pembetatu zinazofanana kosa shabahani ni 7,000 ÷ 130, yaani milimita 54 hivi. Umbali baina ya vilengeo ukiwa milimita 165, kosa ni milimita 42. Mtutu mfupi wenyewe haupotoshi risasi. Kinachopotea ni uwezo wa binadamu kuona kosa lake kabla ya kufyatua.

Bastola ikianguka

Chombo kinachobebwa kila siku siku moja kitaanguka. Kitaanguka chooni, garini, au mtoto atakivuta mezani. Kwa hiyo jaribio muhimu kuliko yote ni kujua kama bastola iliyopakiwa itafyatuka yenyewe inapopiga sakafu.

Jimbo la California lilipitisha mwaka 1999 sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001. Kila aina ya bastola inayotaka kuuzwa humo hupimwa kwa kuangushwa kutoka kimo cha mita 1 na sentimita 1 juu ya bamba la zege. Huangushwa mtutu ukiwa mlalo katika mkao wa kufyatua. Ukiwa mlalo lakini bastola imegeuzwa juu chini. Ikiwa kwa kishikio, mtutu ukiwa wima. Ikiwa kwa mdomo wa mtutu. Ikiwa kwa ubavu. Na kama ina nyundo iliyo wazi, kwa nyuma ya nyundo hiyo. Ndani huwekwa ganda lenye fataki tu, bila baruti wala kichwa. Fataki ikilia, bastola imeshindwa.

Hebu tukokotoe yanayotokea. Kasi wakati wa kugonga zege hupatikana kwa v² = 2gh = 2 × 9.8 × 1.01, yaani 19.8, kasi ni mita 4.45 kwa sekunde. Bastola husimama ghafla. Lakini sehemu zake za ndani zinazoweza kusogea hazijui kwamba bastola imesimama: kwa inesha yao huendelea na safari. Bastola ikiangukia nyuma, mdomo wa mtutu ukiwa juu, kifyatulio huendelea kwenda upande ule ule ambao kidole kingekivuta.

Tuchukulie kifyatulio chenye tungamo la gramu 10. Nishati yake ni ½ × 0.010 × 19.8, yaani juli 0.099. Tuchukulie pia kwamba kukivuta mpaka bastola ifyatuke huhitaji kani ya wastani wa nyutoni 15 kwa umbali wa milimita 5. Kazi inayohitajika ni 15 × 0.005, yaani juli 0.075. Nishati iliyopo inazidi kazi inayohitajika: bastola itafyatuka bila kuguswa na mtu. Tukipunguza tungamo la kifyatulio kuwa gramu 5, nishati inakuwa juli 0.05, na haitoshi. Springi haikubadilishwa, wala kimo cha kuangukia. Gramu 5 za chuma ndizo zilizoleta tofauti baina ya chombo salama na chombo cha hatari.

Jambo hili lilitokea kweli. Mwezi Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola iliyotokana na aina ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer. Mwezi Agosti mwaka huo huo wachunguzi binafsi walionyesha kwamba bastola za P320 zilizouzwa kwa raia ziliweza kufyatuka zilipoanguka kwa mshazari upande wa nyuma wa kitelezi. Kampuni ilieleza kwamba bastola hiyo ilikuwa imetimiza viwango vya usalama vya Marekani, na kwamba hatari ilijitokeza katika pembe na hali fulani zilizo nje ya viwango hivyo. Ikatangaza kuzifanyia marekebisho bila malipo. Miongoni mwa mabadiliko yalikuwa kifyatulio chepesi zaidi.

Mwanafunzi atazame tena orodha ya mikao ya California. Karibu yote huweka mtutu ama mlalo ama wima. Pembe ya kuanguka huamua mambo mawili: ni sehemu gani inayogusa sakafu kwanza, na ni kiasi gani cha kasi kinachoelekea upande wa kuvuta kifyatulio. Bastola inayoponyoka mkononi haichagui nyuzi 0 au 90. Kiwango cha majaribio lazima kichague mikao michache ili majaribio yaweze kurudiwa na kulinganishwa. Lakini kila mkao ulioachwa ni swali ambalo halikuulizwa, na jibu lake halijulikani kwa sababu tu bastola imepata cheti.

Mara ngapi inatosha?

Sheria hiyo hiyo ya California hudai jaribio la kufyatua. Bastola tatu za aina moja hupimwa, kila moja kwa risasi 600. Risasi 20 za kwanza zote lazima zitoke bila bastola kukwama, na katika 600 zote haipaswi kukwama zaidi ya mara 6. Je, sharti hili lina ukali gani?

Tuchukue bastola ambayo kwa kweli hukwama mara 1 katika 100. Katika risasi 600 tunatarajia ikwame mara 6, lakini bahati huongeza au hupunguza. Kwa kanuni ya Poisson, uwezekano wa kukwama mara 6 au pungufu ni asilimia 61 hivi. Uwezekano wa bastola tatu zote kufaulu ni 0.61 × 0.61 × 0.61, yaani asilimia 23 hivi, hata kabla ya kufikiria sharti la risasi 20 za kwanza. Bastola inayokwama mara 1 katika 200 ina asilimia 97 ya kufaulu kila moja. Ile inayokwama mara 2 katika 100 ina asilimia 5 tu. Hivyo jaribio linachuja vizuri bastola mbovu, linazipitisha nzuri, na zile za katikati huachiwa bahati kwa kiasi fulani.

Mnunuzi wa kawaida hana uwezo wa kufyatua risasi 1,800. Desturi iliyoenea miongoni mwa wabebaji wa Marekani ni kufyatua risasi 200 hivi. Bastola isipokwama hata mara moja, husemwa kuwa ni ya kuaminika. Tuipime kauli hiyo. Kama uwezekano wa kukwama kwa kila risasi ni p, uwezekano wa kutokwama hata mara moja katika risasi n ni (1 – p) iliyopandishwa kwa kipeo cha n. Tukiweka p = 0.015 na n = 200, tunapata 0.05 hivi. Maana yake, bastola inayokwama mara 3 katika kila risasi 200 bado ina nafasi 1 katika 20 ya kupita jaribio hilo bila dosari. Kwa ujumla, mtu asipoona kosa lolote katika majaribio n, anaweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 tu kwamba kiwango cha kosa hakizidi 3 ÷ n. Akitaka kudai kwamba kosa halizidi 1 katika 1,000, anahitaji majaribio 3,000 yasiyo na kosa.

Kanuni hii ya tatu haihusu silaha peke yake. Hutumika pia mtu anapopima dawa mpya kwa wagonjwa 100 na kutoona madhara, au fundi anapowasha majiko 50 ya mafuta ya taa bila moja kulipuka. Kutoona si sawa na kutokuwepo.

Sheria inapima nini

Kila kipimo hubeba nia ya aliyekitunga. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Bunduki, na kutokana nayo bastola zinazoingizwa kutoka nchi za nje zikawekewa jedwali la alama. Bastola lazima iwe na urefu usiopungua milimita 152 na kimo kisichopungua milimita 102, jumla ya viwili hivyo isipungue milimita 254. Iwe na kifungio cha usalama kinachoendeshwa kwa mkono. Kisha ikusanye angalau alama 75 kwa urefu, uzito, kipenyo cha risasi na vifaa vingine. Lengo lilikuwa kuzuia bastola ndogo na hafifu.

Walther PPK haikufikia alama hizo. Kiwanda kiliunganisha mtutu na kitelezi cha PPK na mwili mkubwa kidogo wa ndugu yake, PP, na kuiita PPK/S. Uzito ulioongezeka, gramu 50 hivi, ulileta alama zilizopungua. Hakuna ushahidi katika hesabu hiyo kwamba usalama wa mtu yeyote uliongezeka. Jedwali lilipima gramu, na gramu zikapatikana. Tena jedwali haliwahusu watengenezaji walio ndani ya Marekani. Tume ya serikali kuu inayosimamia usalama wa bidhaa za matumizi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, haina mamlaka juu ya bunduki na risasi. Inaweza kuagiza kibaniko cha mkate kirudishwe kiwandani, bastola haiwezi.

Kile ambacho majaribio hayakigusi

Tumepima uzito, nafasi ya risasi, kulenga, kuanguka na kukwama. Vipimo vyote hivi vinachukulia kwamba hatari inatoka nje na kwamba bastola iko mikononi mwa mwenyewe. Lakini mtu hununua bastola ili awe salama zaidi, na hilo ni dai la takwimu linaloweza kuchunguzwa kama mengine.

Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani. Kati yao 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walichapisha katika jarida la The New England Journal of Medicine matokeo ya uchunguzi uliofuatilia wakazi wa California milioni 26.3 kati ya miaka 2004 na 2016. Wanaume waliomiliki bastola walikuwa na hatari ya kujiua kwa bunduki karibu mara 8 ya wale wasiomiliki. Wanawake, mara 35.

Msomaji makini atauliza: je, huenda waliokwisha kukusudia kujiua ndio walionunua bastola? Swali ni zuri, kwa sababu uwiano peke yake si sababu. Ni kweli kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya kununua. Hata hivyo zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mwaka mmoja kupita tangu bastola ya kwanza inunuliwe. Ni vigumu kudai kwamba wote hao walinunua kwa nia hiyo. Dhiki ya moyo aghalabu hupanda na kushuka, na mtu aliyevuka saa ya hatari mara nyingi huendelea kuishi. Chombo kilicho karibu, kilichopakiwa na kisichohitaji zaidi ya sekunde moja, huipa saa hiyo uwezo ambao isingekuwa nao.

Hapa sifa za bastola nzuri zinageuka. Wepesi, utayari na kufyatuka bila kukosa, ambavyo vilipata alama katika vipimo vilivyotangulia, ni vile vile vinavyoongeza hatari nyumbani. Kifyatulio kinachohitaji nyutoni 25 humfaa mwenyewe mwenye haraka, na hakimzuii mtoto anayetumia vidole vya mikono yote miwili. Kisanduku chenye kufuli hupunguza hatari hiyo, na pia huondoa utayari uliokuwa sababu ya kununua. Hakuna springi wala kitelezi kinachoweza kutatua mgongano huu, kwa kuwa hauko ndani ya bastola.

Kwa hiyo anayesoma ripoti ya majaribio ya chombo chochote, kiwe bastola, jiko au dawa, na aanze kwa kuandika swali ambalo jaribio lilijibu, kisha kando yake aandike swali alilokuwa nalo yeye. Mara nyingi ataona kwamba hayafanani.

Mazoezi

Mazoezi haya hayahitaji silaha, na silaha isiletwe darasani kwa sababu yoyote. Momenta ionyeshwe kwa vigari viwili vya tungamo tofauti vilivyobanwa na springi. Uwezekano uonyeshwe kwa maharage 100 mfukoni, 2 yakiwa meusi, yakichotwa moja moja na kurudishwa.

1. Bastola ya kilo 0.8 inafyatua risasi yenye jumla ya momenta ya 3.2 kg m/s. Tafuta kasi yake ya kurudi nyuma na nishati mwendo yake.

2. Katika magazini ya risasi 10 zenye upana wa milimita 10, umbali wa mlalo baina ya vitovu umeongezwa kuwa milimita 8. Tafuta kimo na upana wa ndani. Eleza kilichopatikana na kilichopotea.

3. Kifyatulio cha gramu 10 kilichoelezwa hapo juu kimeangushwa kutoka nusu mita. Je, bastola itafyatuka? Ni kimo gani cha chini kabisa kitakachoifyatua?

4. Kiwanda kinadai kwamba chombo chake hushindwa kufanya kazi si zaidi ya mara 1 katika 200. Ni majaribio mangapi yasiyo na kosa yanayohitajika ili dai hilo likubalike kwa uhakika wa asilimia 95?

5. Chagua chombo kimoja kinachotumika nyumbani kwenu. Taja jaribio moja linaloweza kuthibitisha kwamba ni salama, na taja hali moja ya matumizi ya kila siku ambayo jaribio hilo haliigusi.